Mzoa Maji

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi Asava nalipwa kuyazoa:
miaka kumi na mmoja hospitalini hapa Mbale,
deki, ndoo, zamu ya usiku.

Saa saba na robo, mvua bado inasitasita,
bodaboda ikapanda hadi mlango wa majeruhi,
nyanya nyuma, mtoto kafungwa kifuani kwa leso.
Kisia. Miaka minne.
Mate yanamchuruzika kama ndama,
mboni zimesinyaa, ncha za sindano.
"Amekunywa nini? Saa ngapi?"
Sista Kageha haulizi mara mbili.
Nyanya akatoa chupa chini ya sweta,
chupa ya soda ya machungwa, imebaki nusu,
na harufu ya josho la ng'ombe ikatukalia sote.
Babu alipunguziwa dawa ya kupe na jirani.
Mtoto alishikwa na kiu, akapapasa gizani.

"Haijatimia saa nzima. Asava, weka deki. Shika ndoo."

Daktari wa zamu akachoma sindano ya kwanza,
akaita nyingine kabla hajaitoa hiyo.
Sista akapima mpira kwenye mwili wa mtoto,
puani, sikioni, hadi chini ya kifua,
kama fundi anayepima kaptula ya shule.
Wakamlaza ubavu wa kushoto.
Kikombe cha maji vuguvugu kwenye faneli,
faneli juu, yakaingia;
faneli chini, yakatoka.
Mimi na ndoo yangu tulikuwa chini.

Kwanza yalitoka maziwa.
"Nilimnywesha mimi," nyanya akasema, "na yai bichi.
Kwetu ndivyo tufanyavyo."
Hakuna aliyemjibu. Kikombe kingine.
Mrenda. Ugali wa jioni.
Kifungo cheupe cha shati.
Kisha mbegu za mapera, nyingi,
zikagonga plastiki kama mvua ya mawe.

"Mapera!" nyanya akaruka.
"Ya kwa Mideva! Si nilikukataza, wewe?
Si nilikwambia mti ule una mwenyewe?"
Akamfokea hivyo, mtoto kazibwa mdomo kwa mpira,
na nikaona ile hasira imemshika kiuno
asianguke.

Kikombe cha kumi na mbili. Cha kumi na tatu.
Maji yakaanza kufanana na maji.

Wengi hudhani tumbo ni sufuria,
likiungua unasugua tu.
Mwezi wa tatu aliletwa binti wa Vugutsa,
alikunywa mafuta ya taa.
Mama yake akapiga magoti: mwosheni, mwosheni!
Sista akakataa.
Yale ukiyarudisha juu, alisema, yanapotea njia,
yanaingia mapafuni.
Mama alimtukana hadi kumepambazuka.
Mtoto alipona bila kuoshwa,
na mama, nasikia, hajarudi kuomba radhi.
Mimi ningeosha. Ndiyo maana
nimepewa ndoo, sikupewa mpira.

Saa kumi na moja Kisia akafungua jicho.
Mboni zilikuwa zimepanuka, nyeusi, za mtu.
Hakutuambia neno.
Nyanya alikuwa amelala ameketi,
kifungo kimo ndani ya ngumi yake;
alikiokota mwenyewe nikageukia kando.

Nikamwaga ndoo pale panapomwagwa.
Nikaisuuza mara tatu, nikaiinamisha.

Nilifika nyumbani jua linagusa migomba.
Wanangu wawili wamelala mzungu wa nne,
mguu wa huyu kwenye sikio la yule.
Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda,
nikaivuta ile chupa ya maji ya matunda,
ina picha ya nanasi,
ina dawa ya kuua vijidudu niliyoichota kazini
kidogo kidogo, tangu Pasaka.

Nimeketi nayo mlangoni.
Mke wangu anauliza chai niinywee wapi.